Nusu ya Yai la Saba

Mtu akikuambia hana kinyongo nawe, usimsikilize. Mwangalie anavyokunywa chai yako. Zawadi aliinywa ya kwangu taratibu, akipuliza kila funda, akaangalia ziwa kupitia dirisha la sebule, halafu akasema nyumba yangu ya Nengo inaingiza baridi. Basi, hilo tu. Alikuwa amevuka mpaka asubuhi ile kutoka Goma na begi moja, binti yake Asha akiwa nyuma na godoro lililokunjwa likafungwa kamba, kwa sababu kule milio ya risasi ilikuwa imeanza tena na watu wa mtaa wao wa Birere walikuwa wanavuka kwa makundi. Nilifurahi kumwona mzima, Mungu ni shahidi yangu, na papo hapo nikaogopa atakachosema. Zawadi ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama yangu, na kwetu huyo si binamu, ni dada kabisa. Namwita Yaya kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa. Lakini tangu tuwe wasichana hajawahi kulala chini ya paa langu. Tulikutana kwenye harusi na misiba, tukapeana mashavu, tukaulizana habari za watoto, kila mmoja akaenda kukaa meza yake. Kwa maana mimi, kwa maneno ya mama yake, ndiye niliyekalia kiti cha mwenzangu. Maneno hayo yamenifuata mpaka kwenye harusi yangu mwenyewe, yakasemwa karibu na sufuria za wali, kwa sauti ya kunong'ona ambayo mtu anaitumia akitaka asikike. Sasa na mimi nataka kusema. Mwaka ule wa kiti umesimuliwa vya kutosha na watu ambao hawakuwepo.

Chumba tulichosomea kompyuta kilikuwa Mbugangari, nyuma ya duka la fotokopi, mwendo mfupi kutoka mpaka mdogo ambao sisi sote tunauita petite. Kuta zilikuwa za kijani mpaka kiunoni na nyeupe kwenda juu, isipokuwa pale migongo ya watu ilipoegemea. Upande mmoja harufu ya wino wa mashine ya fotokopi, upande mwingine moshi wa jirani aliyekuwa akikaanga sambaza tangu asubuhi, kwa hiyo hata leo nikisikia harufu ya samaki wale wadogo akili yangu inaanza kutafuta kibodi. Mashine zilikuwa mbili, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Moja ilifanya kazi, nyingine ilikuwa inamngojea fundi, na ikamngojea mwaka mzima. Mwalimu wetu aliitwa Deo. Alikuwa amerudi kutoka Karagwe, Tanzania, na alizungumza Kiswahili cha vitabu, shati lake limepigwa pasi hata siku ambazo umeme haukuwepo mji mzima, mpaka tukawa tunashangaa anapigia wapi. Siku ya kwanza waliotoka Uganda walidai Kiingereza, waliosomea Goma wakadai Kifaransa, wengine wakasema Kinyarwanda ndicho cha nyumbani. Akawaacha wapige kelele mpaka wachoke. "Kiingereza chenu mtakikuta ndani ya mashine," akasema. "Hapa ndani tuelewane kwanza." Tukasoma kwa Kiswahili, kila mtu na chake, na Mwalimu akatusahihisha ngeli kama vile ngeli nazo zingetiwa kwenye mtihani.

Sheria yake ilikuwa kila nyumba kiti kimoja, maana viti havikutosha. Nyumbani kwetu tulikuwa wasichana wawili wenye kiu ileile, Zawadi akiwa amehamia kwetu mwaka ule ule, na mama hakutaka maneno na dada yake. Akaamua iwe kwa zamu. Siku ya Zawadi darasani, mimi najitwika trei za mayai ya Nyakiriba, zimefungwa kwa mipira ya baiskeli, napanga foleni petite na jeton mkononi, ile karatasi ya kuvukia ya siku moja, naenda kuuza Birere. Siku yangu darasani, anakwenda yeye. Mchana tunakutana mezani, aliyesoma anamfundisha aliyevuka. Meza yenyewe ilikuwa ya mbao, mguu mmoja mfupi, chini yake kipande cha kigae. Tulikula ugali na sombe, majani ya muhogo, na Jumapili mama alimwita jirani yetu Mwislamu achinje kuku yeye, ili Zawadi, ambaye baba yake alimlea katika Uislamu, ale nasi sahani moja. Hakuna aliyeona ni jambo la kusifiwa, kuku alichinjwa na akaliwa. Ninayasema haya kwa sababu watu wanadhani tulikuwa tunagombea kitu. Mwaka ule tulikuwa tunakila kitu kimoja kwa midomo miwili, na mimi sijawahi kusoma vizuri kama vile tena.

Jumamosi hatukuvuka, na Mwalimu alituruhusu tuje sote wawili, mradi mmoja asimame mlangoni. Ilikuwa Jumamosi alipovuta viti viwili mbele ya ubao akavibandika karatasi, kimoja A, kingine B. "Kiti si mtu," akasema. "Kiti ni jina la mahali. Leo anakaa huyu, kesho yule. Ukiitaja A, mashine inakuletea yule aliyekaa kwenye A, haijali ni nani." Akaniita nikae kwenye A. Nikakaa. Halafu akamwita kijana mmoja wa Mudende, mtoto wa wafugaji, mabega mapana, akamwambia naye akae kwenye A. Nikafanya alichonifundisha mama yangu: nikajisogeza. Yule kijana akapachika nusu yake, nami nikabaki na nusu yangu, tukatulia kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Pasaka. Darasa zima liliona ni sawa. Ungefanyaje? Mgeni akija unasogea. Mwalimu Deo akatutazama kwa huzuni. "Hapana, Beatrice. Kwenye mashine hakuna kusogea. Akikaa mwingine, wewe hupo." Nikamuuliza nimekwenda wapi. "Hujaenda popote. Hupo." Nikainuka nikaenda kusimama mlangoni kando ya Zawadi, na ninakiri nilikuwa na baridi mgongoni. Zawadi akaninong'oneza, "Yewe, hii mashine haina mama?"

Kisha akatuonyesha jinsi wawili wanavyobadilishana viti. Kijana wa Mudende kwenye A, msichana mmoja kwenye B. Akasema badilishaneni, wakainuka wote wawili kwa pamoja, wakapishana, wakakaa. Mwalimu akagonga ubao: mashine inafanya jambo moja kwa wakati mmoja, mstari mmoja, halafu unaofuata. Msichana akikaa kwenye A kabla, kijana amefutika, na hapo ukimwita mwenye A arudi kwenye B utamrudisha msichana yuleyule. Kwa hiyo akaleta kiti cha tatu kutoka dukani, kibovu, cha plastiki, akakiita kiti cha kungojea. Mstari wa kwanza, kijana aende kwenye kiti cha kungojea. Mstari wa pili, msichana aingie A. Mstari wa tatu, aliyengoja aitwe, akae B. Mistari mitatu, hakuna aliyepotea. Tuliipenda ile. Tulicheza viti vile mpaka mwenye duka akaja kudai plastiki yake. Zawadi peke yake hakucheka. Kutoka mlangoni akauliza, "Mwalimu, na huyu wa kungojea, kama mutu anasahau mustari ya tatu?" Mwalimu akafikiri. "Atabaki hapo hapo," akasema. "Mashine haitamtafuta."

Zawadi alikuwa na kichwa. Sisemi kwa unyenyekevu, ninasema kwa sababu niliishi karibu na kile kichwa na kilinikera. Siku moja nilirudi nyumbani na hasira, nimeiambia mashine tano jumlisha tano, ikanijibu hamsini na tano, nikamwambia Zawadi kitu hiki ni kichaa. Alikuwa ametoka kuvuka, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akaninyooshea mkono nimpe kipande cha boksi, akakichana vipande viwili, akaandika 5 hapa na 5 pale, akaviweka kimoja kando ya kingine juu ya gunia la viazi. "Hii ni karatasi, Bea. Ukibandika karatasi pembeni ya karatasi, unasoma nini? Voilà. Ukitaka kumi, uiletee viazi, siyo karatasi ya viazi." Nikaelewa pale pale, kwamba kuna tano ya maneno na tano ya hesabu, na ile alama ya kujumlisha ikikuta maneno inayaunga tu. Mwalimu aliita hiyo aina ya kitu, akasema kabla ya kukalisha kitu kwenye kiti ujue ni cha aina gani. Na kuhusu alama ya sawasawa vilevile: moja ni ya kuweka, mbili ni za kuuliza. Ukiandika moja unamkalisha mtu, hata kama hakutaka; ukiandika mbili unauliza kama ni yeye aliyekaa, na mashine inakujibu ndiyo au siyo. Mimi nilizichanganya mwezi mzima. Zawadi hakuzichanganya hata mara moja, na alinitania kwa hilo mbele ya mama. "Huyu wetu haulizi," alikuwa akisema. "Anawekaka tu."

Kitu kimoja tu kilimshinda, na hakikumshinda kwa kutokielewa, alikikataa. Mwalimu alitupa zoezi: mayai saba, watu wawili, kila mmoja apate mangapi? Mashine ikasema tatu. Ilikuwa Jumamosi, zamu ya Zawadi kukaa. Akaangalia kioo, akaangalia Mwalimu. "Na ile yai ya saba?" Mwalimu akaeleza kwamba hizo ni namba kamili, na namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo ni kamili; kinachobaki kinatupwa. "Kinatupwa wapi?" "Kinatupwa tu, Zawadi. Kuna alama nyingine ya kuulizia kilichobaki, ukiitumia hiyo mashine itakujibu moja. Lakini usipouliza, haisemi." Basi akapandwa na hasira. "Mi nabeba mayai kichwani kila siku. Nikifika Goma na trei ikose yai moja, namwambia mama imetupwa tu? Mutu ataniamini?" Darasa likacheka, Mwalimu naye akacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Nyumbani akachemsha yai, akalimenya, akang'ata ncha moja ya uzi na nyingine akaishika kwa vidole, akalikata katikati sawasawa kama wanavyofanya wauzaji wa mayai na pilipili pale petite. Akanipa nusu, nusu akaila. "Nusu ndiyo hii," akasema, mdomo umejaa. "Ilikuwa ngumu nini?"

Mwezi uliofuata Mwalimu alituambia kituo kimoja cha mafunzo Kigali kinachukua mwanafunzi mmoja kutoka darasa letu, kwa mtihani. Kiti kimoja, mtahiniwa mmoja kila nyumba. Usiku huo huo kabla ya kulala nilimsikia mama nyuma ya pazia akiongea na mama mkubwa, ambaye alikuwa amekuja na kitenge kipya akiwa na furaha zake. Mama yangu mzazi alisema, "Ukinambia nichague, mwenye kichwa ni Zawadi. Wangu ana bidii, lakini wa kwako ana kichwa." Ee, aliyesema kweli haiumi, haijawahi kumuuma huyo. Nililala nimegeukia ukuta. Asubuhi nilimwambia Zawadi afanye yeye, kabla mtu yeyote hajaniambia nimwambie, na akakubali bila kuzunguka. Sikupenda alivyokubali haraka. Sikutegemea alie na kuniambia asante, lakini angalau angevuta pumzi. Baada ya hapo tukashughulika. Nilimuuliza maswali huku nasonga ugali, akanijibu huku anapanga trei, na nikiri kitu kingine: siku zile nilimpenda kuliko nilivyomwonea wivu, lakini si kwa mbali sana.

Zamu zenyewe ndizo zilizotuchinja. Mtihani uliangukia siku ya Zawadi darasani, na hiyo maana yake siku iliyotangulia ilikuwa yake ya kuvuka. Nilimwambia, "Yaya, baki. Nitavuka mimi leo, wewe soma." Alikuwa tayari anakaza mipira kwenye trei. "Zamu ni zamu," akasema. "Ukinibebea leo, utanidai lini?" Akacheka, akajitwika, akashuka njia ya petite na ule mwendo wake wa kutotikisa shingo. Kabla ya adhuhuri tukasikia milio kutoka ng'ambo. Sikujali mwanzo, tumezoea, mtu wa mpakani anaposikia mlio anauliza kwanza ni wa upande gani. Lakini wanawake wakaanza kurudi wakikimbia, na mmoja aliyemfahamu mama akapita uani akisema, "Wamefunga! Petite imefungwa, ayiwe, nimemwacha mtoto wa dada yako nyuma kwenye foleni!" Mimi na mama tulikimbia mpaka pale askari walipotuzuia. Kulikuwa na kamba, na nyuma ya kamba barabara tupu, na upande wa pili watu wengi walioshikana shikana. Nilitafuta trei kichwani mwa mtu. Hakukuwa na trei yoyote. Niliita jina lake mpaka mama akanishika mdomo.

Asubuhi mpaka ulikuwa bado umefungwa. Simu zilikuwa hazipiti. Mama alikuwa ameketi kwenye ile meza ya mguu mfupi na chai iliyopoa, akaniambia, "Nenda. Kiti kisibaki bure." Nikamwambia mimi siendi, nafasi si yangu. Akasema kwa ukali ambao sijamsikia nao tena, "Wakimchukua mtu wa nyumba nyingine, Zawadi atafaidi nini? Nenda!" Nikaenda. Mwalimu Deo aliponiona mlangoni alivua miwani. "Zawadi?" Nikamwonyesha kwa kidevu upande wa mpaka. Akanivutia kiti. Sikumbuki maswali yote, nakumbuka mawili. Moja lilitaka tubadilishane thamani za viti viwili, nami nikaandika mistari mitatu. Jingine lilikuwa la kugawanya, na nilijua jibu lake ni namba kamili, kwamba kinachobaki kinatupwa, na nilipoliandika machozi yakaanguka kwenye karatasi mpaka msichana wa mbele akageuka. Nikafaulu. Nilichukuliwa kabla mpaka haujafunguliwa. Ulipofunguliwa, Zawadi alivuka, mzima, amekonda, akanikuta nafunga sanduku. Mama alikuwa amekaanga sambaza. Zawadi akaketi, akala, akalamba vidole, akauliza Kigali nitalala wapi. Mwisho akasema, "Bon. Kiti haikubaki bure." Akachukua nguo zake akarudi Goma siku ileile, na hakurudi tena darasani. Alisema mama yake anaogopa kubaki peke yake. Akaolewa, akauza mayai, akauza vitenge, akapata Asha. Mimi nikaandika programu za watu Kigali miaka mingi, halafu nikachoka na Kigali nikarudi kufundisha hapa hapa, chumba cha chini cha nyumba yangu, madawati badala ya viti. Mwalimu Deo niliwahi kumzika. Na hiyo ndiyo habari yote ya mimi kukalia kiti cha mwenzangu. Waongo wapungue.

Sasa turudi sebuleni kwangu. Zawadi na Asha walikuwa wamekaa kwangu siku kadhaa, na kila jioni tulisikiliza upande wa Goma, na mazungumzo yote yalikuwa ya nani amevuka na nani hajavuka. Mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia. Ninafundisha watu kuanza kwa kazi ndogo, lakini mwenyewe sikujua ipi hapa ni ndogo. Asubuhi moja, Asha akiwa uani anamsuka mtoto wa jirani, nilimmiminia Zawadi chai ya tangawizi nikaona niseme. "Yaya, Jumatatu naanza darasa jipya. Limejaa, lakini Asha nimemwekea nafasi."

Akaweka kikombe chini. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nafasi iko."

"Unaona!" Akapiga paja lake, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu trei za mayai. "Mpaka leo! Alama moja. Unamuweka tu. Asha anapendaka nywele, Bea. Kompyuta inamupa usingizi." Kicheko kikaisha kidogo kidogo. Akaangalia nje, mikono ya binti yake ikienda haraka kwenye kichwa cha mtoto. "Nilikuwa na hasira na wewe," akasema. "Wacha niseme, tusife nayo. Mama akisemaka ulikalia kiti changu, mi najua si kweli. Nilikuwa nyuma ya ile kamba, nilikusikia unaita. Lakini sikumukatalia mama hata siku moja. Nilipenda kusikia. Ilikuwa inanipoza."

Nikaumia, na nikasema nimeumia. Nilimwambia miaka yote nimepita karibu na sufuria za watu kama mwizi, na neno lake moja lingenitoa pale. Nilimwambia na mimi nilikuwa na hasira, kwamba alikula sambaza akaondoka, hakunitukana, hakulia, hakuniachia hata pa kushika. Sauti yangu ilipanda mpaka Asha akainua kichwa. "Mbona hukuja kuniuliza kitu, Yaya?"

"Na we mbona hukuniuliza?" akasema. "Si ulifundishwa? Usipouliza kilichobaki, haisemi."

Nikamwongezea chai. Nilitaka kusema samahani, lakini sikujua ni ya nini hasa, na Zawadi si mtu wa kumpa samahani isiyo na anwani. Mwishowe nikamuuliza, kwa alama mbili, kama mtu aliyefundishwa: nafasi ile kama si ya Asha, ni ya nani?

"Kubadilisha viti ni mistari ngapi?" akauliza.

"Mitatu."

"Sisi tuliandika mbili." Alikuwa hanitazami. "Ile siku nilivuka mi. Kesho yake ilikuwa zamu yangu, au nadanganya? Hakuna mutu aliniita. Zamu ni zamu, Bea. Nimekuja kuichukua."

Mwanamke wa umri wake, mtaa wake unawaka ng'ambo ya pili, hajui kama mlango wa nyumba yake bado uko, na anachodai ni asubuhi moja ya darasa. Niliinuka nikaenda jikoni nikaosha kikombe kisafi.

Jumatatu alishuka chumba cha chini amevaa kitenge cha kutokea na mtandio mpya. Vijana walikuwa wamejaa madawati yote, wengine wawili wawili, wakamwangalia wakidhani ni mzazi amekuja kulipa au kugomba. Akasimama mlangoni, pale pale anapojua kusimama. Nafasi ya Asha nilikuwa nimeshampa mtu mwingine asubuhi hiyo kwa kichwa changu cha kuchanganyikiwa, na hakukuwa na kiti. Nilikuwa nimekaa mbele kwenye benchi langu, mashine imewashwa. Nikasikia sauti yake juu ya vichwa vya watoto wa watu: "Sogea."

Nikasogea. Akapachika nusu yake, nami nikabaki na nusu yangu, bega lake likinisukuma, ananukia sabuni ya kwangu. Akaangalia vitufe muda mrefu bila kuvigusa. Lugha tunayoandikia siku hizi si ile ya Mwalimu Deo, ni nyepesi zaidi, nami nilitaka kumweleza, lakini tayari alikuwa ameinua kidole kimoja. Akaandika saba. Akatafuta alama ya kugawanya, nikamwonyesha. Akaandika mbili, akabonyeza, na mashine ikajibu kama inavyomjibu siku hizi mtoto yeyote asiyejua hata kwamba zamani ilikuwa vingine: 3.5.

Zawadi akasogeza uso karibu na kioo. Akaweka kidole juu ya ile nukta, akakishusha kwenye ile tano, akakiacha hapo.

"Kumbe," akasema polepole, "ile nusu walirudisha."